Bibi Stephania, Aliyeomba Moto Kila Asubuhi

"Bibi Stephania ana viberiti," Deodatha alisema. "Si kimoja. Bunda zima."

Aliyasema hayo kisimani, ameinama anachota maji kwa kata, sauti ameishusha kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu. Nyuma yake Anonciata alikuwa akisubiri zamu, mtoto Joviana mgongoni, ndoo mkononi.

"Avitoe wapi?" Anonciata aliuliza. "Duka halina hata chumvi, litakuwa na viberiti?"

"Ndiyo nakuuliza wewe, mama Joviana. Wewe ndiye mtu wake." Deodatha aliinuka, akajishika kiuno. "Juzi aliniita nimshushie mkungu uliokuwa ukiiva darini. Nikapanda. Katika kupapasa nikashika mkebe wa maziwa ya unga. Nikaufungua."

"Unafungua mikebe ya watu?"

"Mkono wangu una macho, nifanyeje. Viberiti vimepangwa mle kama matofali, havijaguswa. Na asubuhi ileile alipita kwangu kuomba moto. Mtu mwenye viberiti anaomba moto wa nini?"

Anonciata alicheka. Deodatha alikuwa jirani mwema, lakini habari ikipita kwake ilikuwa lazima inenepe. Wiki iliyopita tu, kwa maneno yake, alikuwa amemwoza mwalimu wa shule mwanamke ambaye mwalimu mwenyewe hakuwa anamjua.

"Labda anaweka akiba," Anonciata alisema.

"Haya. Mimi nimesema, nimenawa."

Ilikuwa mwaka 1983, mwezi wa saba, kwenye vilima vya Kaisho, Karagwe. Vitu vilikuwa vimeadimika mpaka watu wakasahau sura zake. Walifua kwa majivu, wakanywa chai bila sukari, na kiberiti kikipatikana kijiti kimoja kilipasuliwa kwa wembe vikawa viwili. Nyumba ambayo moto wake ulizimika iliomba kaa kwa jirani. Hakuna aliyeona ajabu kumkuta Bibi Stephania njiani kabla umande haujakauka, kigae mkononi kimetandikwa majani makavu ya mgomba, anapita nyumba hadi nyumba. Walimzoea kama walivyozoea jogoo.

Alikuwa mjane wa Kinyambo, mwenyeji wa pale, mfupi, mwepesi wa miguu, mwenye mwanya uliomfanya aonekane anacheka hata aliponyamaza. Mtoto wake mmoja alikufa kwa surua, na mumewe alifuata muda si mrefu. Alibaki peke yake kwenye kibanja kizuri chenye migomba minene na mibuni iliyopangwa mstari, na shemeji zake walikitolea macho kile kibanja tangu siku ya matanga. Siku moja walikuja na kamba kukipima. Balozi wa nyumba kumi, mzee Byabato, aliwasimamisha mbele ya mkutano, akasema mjane huyo haondoki. Tangu hapo Bibi Stephania alimtaja Byabato kama watu wanavyomtaja padri.

Kwa Anonciata alikuwa zaidi ya jirani. Wazazi wa Anonciata walitoka Rwanda na kumlea huku Karagwe. Wote wawili walikuwa wamekufa. Mumewe, Fidele, alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa kule Kihanga, anarudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Usiku ule uchungu ulipomshika, ni Bibi Stephania aliyekuja. Alimpokea Joviana kwa mikono yake, akamkata kitovu, akamwogesha mama siku nane mfululizo kwa maji ya moto na majani. Basi asubuhi alipokuja kuomba kaa hakubisha hodi. Aliingia jikoni moja kwa moja, akachutama, akachokoa moto, akaonja uji wa mtoto kwa kidole.

"Huu hauna mtama wa kutosha, mwanangu."

"Mtama umekwisha, Bibi."

"Kesho nitakuletea konzi." Na kesho yake alileta.

Sasa, siku ile Deodatha anaongea habari za viberiti, nyumbani kwa Anonciata kulikuwa na mtu siku ya nne. Alikuwa kaka yake, Leonidas. Alikwenda ng'ambo ya mto wa mpakani tangu ujana, akichunga ng'ombe wa watu, mpaka mwaka uliotangulia walipofukuzwa kule wote wenye asili ya Rwanda, wakachomewa nyumba. Alihangaika huku na huku, mwisho akavuka mto kwa mtumbwi upande wa juu wa kituo cha mpaka cha Murongo, bila karatasi yoyote, na kidonda cha moto kwenye mguu wa kushoto kilichokataa kupona. Ndiye ndugu pekee aliyembakia Anonciata duniani.

Utaratibu ulijulikana: mgeni akilala, balozi aambiwe. Balozi angeomba karatasi. Karatasi hakuna, basi anarudishwa ng'ambo alikotoka. Lakini Fidele alikuwa ameshatumiwa salamu. Mwenye shamba kule Kihanga alikubali kuandika barua kwamba Leonidas ni kibarua wake, na Fidele angekuja nayo baada ya siku kumi. Siku kumi tu. Barua ikifika, Leonidas ana pa kukaa na mtu wa kumsemea.

Anonciata akafanya alichoweza. Nguo za kaka yake alizianika ndani. Deodatha alipopita kuazima jembe alimkabidhi mlangoni, akamwambia mtoto amelala. Lakini asubuhi ya kwanza, Bibi Stephania akiwa amechutama jikoni na kigae chake, Leonidas alikohoa chumbani.

"Nani huyo?"

"Kaka yangu, Bibi. Leonidas."

Anonciata hakumwambia hata afiche siri hiyo. Ingekuwa kama kumwambia mkono wako mwenyewe usiseme. Bibi Stephania aliingia chumbani, akamtazama Leonidas juu mpaka chini, akaketi, akaushika ule mguu na kuuweka pajani pake.

"Umewekewa nini hapa?"

"Samadi, mama."

"Samadi. Wewe ni shamba?" Leonidas alicheka, mara ya kwanza tangu afike. Bibi alikwenda kwake akarudi na majani aliyoyaponda, akamfunga kwa kitambaa safi. Akaja kesho yake, na kesho kutwa. Kila alipotoka alipita nyuma ya jiko, palipokuwa na lundo la maganda ya ndizi, akasimama kidogo, akaendelea na safari yake na kaa likifuka moshi kwenye kigae.

Siku ya sita, jua linachomoza, alikuja mzee Byabato na mgambo wawili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Joviana. Mtoto mzima? Nasikia tuna mgeni."

"Mgeni gani, mzee?"

"Huyo kaka yako, mwenye kidonda mguu wa kushoto. Aliyekuja Jumatano." Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayesoma. "Ungeniambia, mwanangu, tungeona la kufanya. Sasa umenifunga mikono."

Leonidas alitoka mwenyewe. Hakutaka watu waingie alipolala mtoto. Anonciata alimpa ndizi za kuchoma nne na koti la Fidele, akamwambia mzee Byabato kwamba zimebaki siku nne tu barua ifike, siku nne, hata afungiwe huko ofisini asubiri. Byabato alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Mchana ule Leonidas alifikishwa ofisi ya kata, na kesho yake habari zikaja kwamba ameshavushwa pale Murongo. Fidele alipofika na barua, waliitazama wote wawili, wakaiweka chini ya godoro.

Bibi Stephania alikuja siku ileile ya kukamatwa. Alilia kuliko mwenye kufiwa. Alimchukua Joviana akambembeleza mpaka akalala, akampikia Anonciata, akamlazimisha kula.

"Nani amefanya hivi?" Anonciata aliuliza. "Nani, Bibi? Hakuna aliyemwona."

"Watu wana macho, mwanangu," alijibu, akimfuta machozi kwa upindo wa khanga yake.

Anonciata akapima, akaona ni Deodatha. Nani mwingine? Mwenye mkono wenye macho, anayefungua mikebe ya watu. Tangu siku hiyo walipokutana kisimani Anonciata aligeukia upande wa pili. Deodatha alimsalimia mara tatu bila kujibiwa, mara ya nne akasema tu, "Haya, mama Joviana," akajitwisha ndoo yake. Hakuwa na ubishi. Hilo nalo lilimkaa Anonciata rohoni, kwa sababu Deodatha si mtu wa kukosa ubishi.

Wiki tatu zikapita. Sukari ikaja, gunia moja kwa kijiji kizima, ikagawanywa kwa mabalozi. Mzee Byabato alikuwa amekalia miwani yake, imevunjika. Akamwita Anonciata, aliyemaliza darasa la saba na mwandiko wake ukisifiwa, aje amsomee majina ya nyumba. Alimketisha kwenye kigoda mlangoni, akampa daftari lake lenye jalada la bluu, wenyeji wakajipanga na vikombe na makopo. Nyumba mbili tu zilikuwa zimehudumiwa watu walipoanza kugombana kwa ajili ya kijiko kilichojaa na kijiko kilichopunguka. Byabato akatoka kwenda kuamua.

Joviana alikuwa pajani ananyonya. Akaliachia ziwa, akalivuta daftari kama watoto wanavyovuta kila kitu, likaanguka, likafunguka kwa nyuma. Anonciata akaliokota. Huku nyuma hakukuwa na majina ya sukari. Kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake, umeandikwa kwa wino wa rangi mbalimbali, wa miaka na miaka. Nyumba ya kwanza, ya pili. Ya saba ilikuwa yake.

*Mgeni, mwanamume, kaka wa mke. Jumatano. Kidonda mguu kushoto. Maganda ya ndizi ni ya watu watatu.*

Macho yakapanda juu yenyewe.

*Mume hajarudi mwezi wa pili.*

*Mke anatapika asubuhi. Ana mimba, mtoto bado ananyonya.*

*Mimba imetoka. Mume hajui.*

Alisoma mistari hiyo miwili ya mwisho kama mtu anayesoma jina lake kwenye msalaba wa kaburi. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua zimeanza. Alitapika kando ya moto, na Bibi Stephania, aliyekuwa anachagua kaa, alitazama tu akasema, "Mwanangu." Hakuambiwa, aliona. Anonciata alikuwa na hofu ya kumwambia hata Fidele, kwa maana watu wangesema amembemenda mtoto, amebeba mimba naye angali ananyonya. Kisha siku moja alfajiri damu ikaja. Bibi Stephania ndiye aliyemlaza, ndiye aliyefunga vile vitambaa, akavizika nyuma ya migomba, akarudi na kunawa mikono, akamwambia, "Hili liishe hapa. Mimi na wewe." Anonciata hakumsimulia mtu mwingine yeyote. Fidele mpaka leo hajui. Na mzee Byabato anajua, na yeyote aliyewahi kuletewa daftari hili anajua, na jambo lenyewe limekaa hapa kwa wino wa kijani, na chini yake tarehe.

Byabato alirudi akipangusa jasho. "Tuendelee, mama Joviana. Tumefika nyumba ya ngapi?"

"Ya tatu, mzee."

Alisoma majina yote bila kukosea. Lilipofika lake alikinga kopo, akapokea sukari yake.

Alipita kwa Deodatha kabla ya kufika kwake. Alimkuta anamenya ndizi, akasimama mbele yake.

"Umeviona viberiti?" Deodatha aliuliza.

"Nimeona kitu kingine."

Deodatha alisogea kwenye mkeka akampa nafasi. Hakusema, "Nilikuambia." Alimpa Joviana ganda la ndizi achezee, na wakamenya pamoja mpaka mkungu ukaisha.

Kesho yake asubuhi Bibi Stephania alikuja na kigae chake. Alikuta mlango wa jiko umefungwa kwa ndani.

"Mwanangu? Nimekuja kuomba moto."

"Umezimika, Bibi."

Moshi ulikuwa unatoka juu ya paa, mzito, mbele ya macho yake. Alisimama pale kitambo. Anonciata aliiona miguu yake kupitia upenyo chini ya mlango, vidole vimejaa umande. Kisha miguu ikaondoka. Kwa Deodatha nako moto ulikuwa umezimika. Baada ya siku chache ulizimika kwa nyumba nyingine sita, kwani Deodatha alikuwa na mdomo, na safari hii haukuhitaji kunenepesha kitu.

Bibi Stephania alirudi wiki ya pili, jua la utosi, bila kigae. Anonciata alikuwa uani anaanika maharage. Bibi Stephania hakuingia. Alikaa kizingitini, mahali ambapo hakuwahi kukaa tangu ampokee Joviana, na mtoto akamtambaalia mpaka miguuni. Hakumbeba. Alimtazama Anonciata kwanza kama anayeomba ruhusa, na Anonciata akageukia maharage yake.

"Umelisoma," alisema.

"Nimelisoma."

"Mimi sijui kusoma. Sijui ameandika vipi."

"Ameandika vizuri. Kila kitu kipo."

Bibi Stephania alikunjua khanga yake, akaikunja tena. "Ilianza wakati wa vita. Wewe ulikuwa bado msichana. Maadui walikuwa wamevuka huko, watu wanakimbia na mbuzi wao, hatujui nani ni nani. Byabato akaniita. Akasema, Stephania, wewe unapita kila nyumba, hakuna anayekustukia, tutazamie sura ngeni. Nikaona ni jambo jema. Nikaona hata mimi mjane nina kazi ya kulinda watu. Vita vikaisha. Hakuna aliyekuja kuniambia basi, inatosha."

"Ungeacha mwenyewe."

"Nilijaribu. Nilikaa siku tatu bila kwenda kwake. Ya nne akaja kunitembelea. Hakunigombeza hata kidogo. Aliniuliza, kibanja chako kinaendeleaje, Stephania? Shemeji zako hawajambo?" Alitikisa kichwa. "Akaniachia viberiti viwili. Nivitumie wapi? Nikiwasha moto wangu, nitakuja kwenu kufanya nini?"

Anonciata aliendelea kutandaza maharage, akitoa yaliyotobolewa. Maharage mazima nayo yakaenda kwenye yale mabovu.

"Leonidas nimeelewa," alisema mwisho. "Yeye hana karatasi, ni mtu wa kutoka ng'ambo. Lakini ile nyingine, Bibi. Ya mwezi wa tatu. Ile nayo ilikuwa ya kulinda nani?"

Bibi Stephania aliitazama miguu yake. Joviana alikuwa ameshika kidole gumba cha mguu wake, anakivuta.

"Wiki ile sikuwa na kingine cha kumpelekea," alisema.

Anonciata aliinuka. Alikwenda akamchukua mtoto wake, akamkalisha upande wa pili wa ungo. Joviana alilia kidogo, akanyamaza. Anonciata alitaka kumwambia Bibi aondoke, na aliona kinywa chake kikijiandaa kusema, lakini mbele yake aliona pia ile mikono miwili iliyofunga vile vitambaa, na hakujua amwite nani mtu mwenye mikono hiyo. Deodatha angejua. Deodatha angekuwa ameshamtafutia jina.

"Nimesikia mchuuzi wa chumvi kutoka Murongo alipita hapa juzi," Bibi Stephania alisema.

Mchuuzi alikuwa ameleta salamu. Leonidas ni mzima, mguu umepona, anajaribu tena mvua zikianza, na ile barua ya mwenye shamba bado iko chini ya godoro. Safari hii angepita usiku, alale hapa siku moja tu, kesho yake ashike njia ya Kihanga. Siku moja. Kila kitu kilitegemea siku hiyo moja.

"Alileta chumvi," Anonciata alisema.

"Sikuulizi alileta nini." Bibi Stephania aliinua mkono kama anayezuia kitu kisimfikie. "Sitaki kujua. Sikiliza, mwanangu. Byabato ananituma tena. Jana amesema moto hauwezi kuzimika nyumba nane kwa mpigo, nitafute sababu nyingine, niombe chumvi, niombe sindano. Nitapita hapa, ukinifungulia usiponifungulia. Nitaona maganda, nitaona nguo, nitaona njia imekanyagwa na nani. Macho yangu yameshazoea, siwezi kuyaambia yasione. Na nikienda kwake nikasema sikuona kitu, ananijua usoni, siwezi kumdanganya. Nimejaribu."

Alisogea mbele kidogo kwenye kizingiti, lakini miguu aliiacha nje.

"Kitu kimoja tu. Ananiuliza, Stephania, umeona nini. Miaka mitano yote ni hilo swali moja. Hajawahi kuniuliza umesikia nini. Basi kaka yako akija, na atakuja, mtu haachi damu yake, wewe nitumie neno mapema. Siku hiyo nitakwenda kwa binamu yangu, nitaumwa, nitalala ndani, sitapita huku kabisa. Sitaona. Lakini lazima nijue ni siku gani. Najua ninachokuomba na najua nimekufanyia nini. Niambie siku atakayokuja, mama Joviana. Niambie mimi."